Mzungusho wa Karani Kamugisha

Jamali Mwinjuma alimtambua yule karani hata kabla hajateremka garini. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa hamsini na sita, katika klabu ndogo ya gofu iliyokuwa nje kidogo ya Kinondoni, mahali ambapo wakati huo palikuwa na mashamba ya mihogo pande zote. Wabeba fimbo walikuwa wamekaa kwenye benchi lao nyuma ya jiko. Msimamizi wao, Albano, alikuwa amewaambia tangu Ijumaa kwamba Wazungu wameamua maofisa Waafrika wa serikali waruhusiwe kucheza, Jumatatu tu, na kwamba wa kwanza kuja ni mtu wa ofisi ya viwanja aitwaye Bwana Ansbert Kamugisha. Wenzake walicheka. Jamali hakucheka. Jina lile hakulijua, lakini ofisi ile aliijua vizuri.

Alishuka kijana mrefu mwenye miwani, soksi nyeupe zimemfika magotini, viatu vipya vya rangi mbili, na kwapani kitabu cha Kiingereza chenye picha ya Mzungu aliyeinua fimbo. Ndiye hasa.

Miaka miwili nyuma Jamali alikuwa ameomba kiwanja Temeke. Yeye na mkewe Mwanaasha na binti zao wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja Kinondoni kwa miaka kumi na moja, na Mwanaasha alikuwa amechoka kupikia uani kwa zamu na wanawake wengine wanne. Jamali akachukua fomu. Mara ya kwanza akaambiwa arudi kesho, mara ya pili akaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu alipanga foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na alipofika mezani karani akaishika fomu yake kwa ncha za vidole viwili, akaiinua ili walio nyuma nao waione, akauliza kama alikuwa amefungia samaki wa kukaanga. Watu wakacheka. Fomu ilikuwa na doa la oili kweli. Mashimo ya klabu ile hayakuzungukwa na majani, yalizungukwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe, na mtu anayeusawazisha mchanga huo kila siku hawi na vidole safi hata akivisugua kwa majivu. Karani akamrudishia, akamwambia alete iliyo safi. Jamali alipoirudisha safi baada ya siku mbili, viwanja vya mgao ule vilikuwa vimekwisha. Karani alimwambia hivyo bila kuinua macho.

Sasa karani yule yule alikuwa amesimama mbele ya benchi, anauliza nani atambebea fimbo. Albano akamwonyesha Jamali, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa zamani kuliko wote, miaka kumi na saba. Jamali akamvuta Albano pembeni akamwomba ampe mwingine. Albano akasema katibu wa klabu, Bwana Dacre, ameagiza apewe aliye bora ili mambo yasiharibike siku ya kwanza, na kama Jamali ana ugomvi wake na mtu aukalie mpaka jioni.

Basi Jamali akaubeba mfuko. Kamugisha alimtazama usoni, akampa kitabu naye akibebe, na ilionekana wazi kwamba hamkumbuki hata chembe. Hilo lilimuuma Jamali kuliko lile la samaki.

Walipofika shimo la kwanza, karani akafungua kitabu, akasoma, akakifunga, akasimama mbele ya mpira. Aliishika fimbo kama mtu anayemnyonga nyoka. Akaipandisha kwa mikono peke yake, nyonga zimekaza kama mwanamke aliyejitwika mtungi, kiwiko cha kulia kikaruka juu kama bawa la kuku, akaishusha kwa haraka zote alizokuwa nazo, na kabla fimbo haijafika chini kichwa kilikuwa kimekwisha inuka kutazama mpira ulikokwenda. Mpira haukwenda popote. Akarudia. Mara ya tatu ulitoka kwa ubavu, ukaingia kwenye mihogo.

Ilikuwa hivyo mashimo yote tisa. Jamali alitafuta mipira, akaisafisha, akaikabidhi, hakusema neno. Makosa yote aliyaona. Alikuwa na jicho ambalo haliwezi kutoyaona, kama fundi cherehani anavyouona mshono uliopinda kwenye nguo ya mtu anayepita njiani. Aliyaona akayanyamazia, na kila mpira ulioingia mihogoni ulimpoza kidogo.

Mwisho wa mchezo Kamugisha alikuwa ameloa jasho mpaka miwani imeingia ukungu. Akasema, kwa ile lafudhi yake ya Bukoba, kwamba ameambiwa na Albano kuwa Jamali akipiga mpira hakuna Mzungu pale anayemfikia. Jamali akamwonyesha ubao uliopigiliwa karibu na jiko. Uliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili: mbeba fimbo atakayeonekana akipiga mpira katika ardhi ya klabu atafukuzwa siku hiyo hiyo.

"Sikuulizi ubao," Kamugisha alisema. "Nakuuliza wewe. Unaweza kunifundisha?"

Akaeleza, si kwa unyenyekevu, bali kama anayesoma barua ya ofisini. Mkubwa wake, Bwana Whitcombe, alikuwa amemwalika kama mgeni wake, wacheze wawili Jumamosi, wiki tano zijazo, mbele ya wanachama wote na wake zao. Hakumwalika kwa mapenzi. Whitcombe alikuwa miongoni mwa waliopinga Waafrika kuruhusiwa, akashindwa kwa kura chache, na sasa alitaka wenzake waone kwa macho walichokileta. Kamugisha angekataa, ingesemwa kwamba ameogopa. Angekubali akacheza kama alivyocheza leo, wangecheka mwaka mzima, na ile ruhusa ya Jumatatu ingefutwa kimya kimya.

Jamali alimsikiliza akiwa anatazama kando. Hakumwonea huruma hata kidogo. Lakini katika miaka kumi na saba alikuwa hajapata kuulizwa na mtu yeyote anachokijua. Wazungu walimuuliza mpira umelala wapi na upepo unatoka upande gani, basi. Na jambo la pili, ambalo hakujifichia mwenyewe, ni kwamba alitaka kumwona mtu huyu akitoka jasho kwa amri yake.

Akampa masharti. Waonane alfajiri, kabla watu hawajaamka, katika uwanja ulio chini ya shimo la tatu. Afanye atakaloambiwa bila kuuliza. Na asimwambie mtu, kwa sababu Jamali akionekana ameshika fimbo, kazi imekwisha.

"Hakuna atakayejua," Kamugisha alisema.

Siku ya kwanza karani alikuja na mfuko wake, viatu vyake na kitabu chake. Jamali alimwambia aviweke vyote chini ya mkorosho, viatu pia. Kisha akampa fyekeo, lile bapa la chuma lenye ncha iliyopinda, na kumwonyesha majani yaliyofika magotini.

Kamugisha akalitazama fyekeo. Akasema hakuja kufyeka majani ya Wazungu. Jamali akamwambia kwamba yeye aliyafyeka miaka tisa kabla hajapewa mfuko wa kubeba, na kama karani anaona ni kazi ya wafungwa, njia ya kurudi mjini anaijua. Mwishowe karani akavua miwani, akaanza.

Akafyeka kama alivyopiga mpira, kwa mikono na hasira. Baada ya robo saa mikono ikaanza kutetemeka na majani mengi yalikuwa bado yamesimama. Jamali, aliyekuwa amechuchumaa, akainuka akamgonga kiunoni kwa kijiti. Akamwambia nguvu haiko mikononi. Mtu anayefyeka tangu asubuhi mpaka saa sita akitumia mikono atakufa. Inabidi nyonga zigeuke kwanza, mabega yafuate, na mikono iende tu kama kamba iliyofungwa kwenye bega. Fyekeo likipanda lisiharakishwe, likishuka liachwe lenyewe lishike kasi. Na macho yabaki kwenye jani linalokatwa, yasilikimbilie lile la mbele.

Wakaendelea hivyo siku tisa. Hapakuwa na mazungumzo. Kamugisha alikuja na chupa ya chai, akainywa amempa mgongo, na hata siku moja hakumwambia Jamali karibu. Jamali naye, ambaye angeweza kusema jambo mara moja kwa upole, alilisema mara nne kwa kijiti. "Umeinua kichwa," alisema, akamgonga begani. "Kiwiko," akamgonga kiwiko. Yule mtu alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na miwili na hakuwa amempa shikamoo hata siku moja, alimwita "wewe". Jamali akamwita "karani", bila bwana.

Siku ya kumi Kornelio, tarishi wa ofisi ya viwanja, alipita njia ya mkato na baiskeli yake akienda kazini. Akamwona mkubwa wake miguu mitupu, suruali imekunjwa, anafyeka majani huku mtu mmoja wa kanzu kuukuu amesimama nyuma yake na kijiti. Kornelio akateremka kwenye baiskeli, akatazama, akapanda tena bila kusalimu. Kabla ya saa nne ofisi nzima ilikuwa na habari.

Kesho yake Kamugisha alikuja uso umemvimba kwa hasira. Alisema ofisini wametundika jani la ukoka juu ya meza yake. Alisema amejua sasa kwamba hakuna mafunzo yoyote, ni mtu tu asiyejua kusoma anayefurahi kumdhalilisha aliyesoma.

"Unanifanyia makusudi," alisema.

"Ndiyo," Jamali alimjibu. "Nakufanyia makusudi. Lakini kujifunza unajifunza. Chukua fimbo yako."

Kamugisha akachukua fimbo, ile ya chuma yenye uso mpana. Jamali akamkunja vidole upya kwenye mpini, vya mkono wa kushoto kwanza, mpini upite kwenye mizizi ya vidole na si katikati ya kiganja, kisha mkono wa kulia ukalifunika dole gumba la kushoto. Akamwambia ashike kwa kadiri anavyoshika upawa wa kuchotea mchuzi, usianguke na usivunjike. Akamwekea kitambaa kwapani, upande wa kulia, akamwambia kikianguka ajue kiwiko kimeruka. Hapakuwekwa mpira. Akamwambia afyeke.

Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapita juu ya majani kwa sauti ambayo haikuwa imesikika pale tangu wameanza, mvumo mmoja mrefu. Kitambaa hakikuanguka. Kamugisha mwenyewe alisimama amepigwa na butwaa, fimbo iko begani, tumbo limegeukia shimoni. Jamali akageuza uso upesi, kwa sababu alisikia kitu kama furaha na hakutaka kionekane.

Mipira iliwekwa siku iliyofuata, na mzungusho wote wa fimbo ukaharibika tena. Mtu akiuona mpira anataka kuupiga, ndio ugonjwa wao wote, Mzungu kwa Mwafrika. Karani akarudia kukaza, akarudia kuinua kichwa. Akapiga mipira thelathini, minne ndiyo iliyoruka. Akaitupa fimbo chini akasema Jamali hajui kufundisha, anajua kufyeka tu, na pengine hata zile sifa za kupiga mpira ni porojo za jikoni.

Jamali akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akaiokota fimbo, akaifuta mpini kwa kanzu yake, akasimama mbele ya mpira kwa miguu yake mitupu. Hakujipanga sana. Nyonga zikageuka, mabega yakafuata, na mpira ukaondoka kwa mlio mkavu, ukapanda, ukavuka mkorosho, ukavuka mtaro, ukaanguka kwenye mchanga wa shimo la tatu na kukaa palepale ulipoangukia. Akaupiga wa pili. Ukaanguka hatua mbili kutoka kwa wa kwanza. Akamrudishia fimbo.

Kamugisha akaipokea. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokuwa na wivu mtupu, kwa nini mtu anayeweza hivyo anabeba mifuko ya wengine. Jamali akamwambia akaulize ubao. Wakaendelea na kazi, na chuki yao ikabaki ile ile, ila tangu siku ile karani hakubishana tena kuhusu kichwa wala kiwiko. Alipiga mpaka viganja vikachubuka, akavifunga kwa kitambaa, akapiga tena. Jamali alilazimika kukiri moyoni kwamba mtu huyu ni mgumu. Hakukiri kwa mdomo.

Jumamosi ikafika. Barazani palijaa wanachama na wake zao, vikombe vya chai mkononi. Bwana Whitcombe alikuwa mtu mnene wa shingo nyekundu, mwenye pigo la nguvu lisilo na mpango, ambalo Jamali alilijua kwa miaka. Alipiga kwanza, mpira ukaenda mbali, ukapinda kidogo. Watu wakapiga makofi. Kisha Kamugisha akasogea. Barazani pakawa kimya, kile kimya cha watu wanaosubiri kucheka. Jamali alimpa fimbo ya mbao akanong'ona neno moja, "Fyeka."

Akafyeka. Mpira ulikwenda pungufu ya ule wa Whitcombe, lakini ulikwenda katikati, umenyooka kama uzi. Hakuna aliyecheka na wachache sana walipiga makofi.

Mchezo ulikuwa wa kuhesabu mashimo, shimo ni la aliyetumia mapigo machache. Whitcombe alishinda la kwanza na la pili, akawa anaongea kwa sauti kubwa. La tatu wakatoka sare. La nne Kamugisha alishinda, na la tano pia, na kuanzia hapo Whitcombe hakuongea tena. Alianza kuharakisha. Jamali alimwona akikaza mikono, akaona kichwa kikiinuka, yale yale makosa ambayo alikuwa amemtoa Kamugisha kwa kijiti, akayashangilia kimoyomoyo. Walifika shimo la tisa wakiwa sawa. Mpira wa Whitcombe uliingia mihogoni. Ule wa Kamugisha ulifika kwenye mchanga kwa mapigo mawili, akausukuma shimoni kwa mawili mengine, akashinda.

Wakapeana mikono mbele ya baraza. Whitcombe alitabasamu kwa meno tu, akauliza kwa sauti ya kusikika kama Bwana Kamugisha alikuwa amekodi mwalimu kutoka Nairobi, maana haiwezekani mtu ajifunze hivyo kwa wiki tano. Jamali alikuwa amesimama hatua chache nyuma na mfuko begani. Kiingereza chake kilikuwa cha gofu tu, lakini cha gofu alikielewa chote. Akamsikia Kamugisha akijibu, kifua mbele, uso unang'aa kwa ushindi, kwamba hakukodi mtu wa Nairobi. Alifundishwa na huyu hapa, Jamali, kila alfajiri, katika uwanja wa chini ya shimo la tatu. Na kama waheshimiwa wangemwona huyu mtu akipiga mpira, wasingecheza tena kwa aibu.

Bwana Dacre, katibu, alikuwa kwenye kiti cha pili. Aliweka kikombe chake chini. Alimtazama Jamali, kisha akautazama uwanja.

Saa kumi na moja jioni Albano alimwita Jamali nyuma ya jiko. Alimpa mshahara wake wa siku zilizobaki na kumwambia asirudi Jumatatu. Alisema amejaribu kumtetea; sheria imeandikwa ubaoni. Jamali akavua fulana ya klabu yenye namba, akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akaenda nyumbani.

Kamugisha alikuja siku ya tatu. Mwanaasha alikuwa uani anakuna nazi, Jamali amekaa kizingitini. Hakumkaribisha. Karani alisimama juani katikati ya ua na viatu vyake vya ofisini, majirani wakitazama kupitia matundu ya makuti. Alieleza kwamba amekwenda kwa Dacre mara mbili, amemwandikia barua, amekataliwa. Alisema hakukusudia. Alikuwa ameona haya kudai kwamba ni juhudi yake peke yake. Alitaka Wazungu wajue kuwa aliyemfundisha ni Mwafrika mwenzake. Alitaka kumpa heshima.

"Ungesema ulisoma kitabu," Jamali alisema.

"Nilisahau habari ya ubao. Nakwambia kweli."

"Nilikwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ukasema hakuna atakayejua."

Labda Kamugisha alisema kweli. Labda mtu aliyeshinda mbele ya adui wake husahau kila kitu kwa dakika moja. Jamali hakutaka kujua. Alichotaka ni kumwambia lile jingine, na sasa akamwambia: habari ya foleni, ya fomu, ya vidole viwili, ya samaki wa kukaanga. Alimwambia taratibu, akitazama uso wake aone litakavyoingia.

Karani alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Watu walikuwa wengi sana mwaka ule," alisema mwishowe. "Sikumbuki."

Jamali akainuka. Pengine angempiga, mwenyewe baadaye alisema hajui. Kamugisha, bila kurudi nyuma, akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa fomu ya kiwanja, Temeke, mgao mpya, imekwisha kujazwa na kutiwa saini yake. Palibaki pa kuweka dole gumba tu. Akasema si rushwa wala si fadhila, mgao huu unatoka wiki ijayo na jina lake lilistahili tangu mwanzo.

Jamali akasema hataki. Akasema afadhali wazeeke kwenye kile chumba kuliko kuishi juu ya kiwanja alichopewa na mtu huyu.

Hapo Mwanaasha akaiacha mbuzi ya nazi. Akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwa kanga, akaja akaichukua ile fomu mkononi mwa karani.

"Wewe kataa," alimwambia mumewe. "Mie sikukataa. Mie ndiye niliyepika kwa zamu miaka kumi na tatu." Kisha akamgeukia Kamugisha. "Nawe nenda. Usidhani umesamehewa kwa sababu ya karatasi."

Jamali hakuzungumza na mkewe kwa siku nne. Siku ya tano aliweka dole gumba.

Walihamia Temeke kabla ya mvua za vuli, kwenye kiwanja cha mchanga kilichokuwa na mnazi mmoja na vichuguu viwili. Jamali alipata kibarua cha kushusha magogo Buguruni, kazi ya kuvunja mgongo kwa mtu wa miaka arobaini na mmoja. Alirudi jioni na kujenga kidogo kidogo, fito, kisha udongo. Hakumtaja Kamugisha, na Mwanaasha alipomtaja, alitoka nje.

Jumapili moja, miezi saba baadaye, karani alitokea. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mfuko wa fimbo begani, anaubeba mwenyewe. Alikuwa amekonda. Akamwambia Jamali shikamoo. Jamali, aliyekuwa anakanyaga udongo kwa miguu, aliitikia marahaba kwa sababu ni lazima kuitikia, akaendelea kukanyaga.

Kamugisha akaeleza shida yake. Tangu Jamali aondoke, pigo lake limekufa. Alipiga vizuri mwezi mmoja, kisha mipira ikaanza kwenda kulia, na kila alipojaribu kusahihisha ikazidi. Whitcombe alikuwa amemshinda mara tatu mfululizo, na sasa humwalika kila mwezi, kwa furaha kabisa. Amesoma kitabu chote upya. Amefyeka. Hajui ni nini. Akaomba Jamali amtazame mara moja tu.

Akatoa fimbo, akaweka mpira kwenye mchanga wa kiwanja, akakabili upande wa pori lisilo na nyumba. Akapiga. Jamali aliona kabla fimbo haijafika juu. Wala hakikuwa kiwiko, kiwiko kilikuwa salama. Ni mguu wa kushoto: unyayo ulikuwa umegeukia ndani kwa upana wa vidole viwili, ukazifunga nyonga, na mikono ikabaki peke yake kufanya kazi yote. Jambo la sekunde moja. Angeusogeza tu kwa mguu wake, hata bila kusema.

"Unaonaje?" Kamugisha aliuliza.

Jamali akamtazama. Aliona miwani imeingia ukungu, viganja vyenye malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani. Aliuona pia ule mguu, bado umesimama vibaya.

"Naona mtu anacheza gofu," alisema. "Umefanya vizuri kutusalimu."

Akaingia ndani na ndoo ya udongo. Mwanaasha, aliyekuwa ameketi mlangoni na aliyekwisha jifunza uso wa mumewe kwa miaka mingi, alimuuliza kwa sauti ya chini kama ameona kosa. Jamali akasema ameliona. Mkewe akamuuliza mbona hakumwambia karani. Jamali alichota udongo kwa mkono akaubandika ukutani, kati ya fito na fito, akaulainisha kwa kiganja.

"Aliniomba kwa adabu," alisema. "Nami nimemkatalia kwa adabu."

Nje karani alipiga tena. Jamali hakuhitaji kutazama; kwa mlio tu alijua mpira umekwenda kulia. Alichota udongo mwingine. Alisikia raha, na aliisikia waziwazi, wala hakuionea haya. Ukapigwa wa tatu, wa nne, wa tano, yote kwa mlio ule ule wa kupasuka, na kati ya mlio na mlio kimya cha mtu anayejipanga upya bila kujua ajipange vipi. Baadaye wakasikia fimbo zikigongana mfukoni, na hatua zikielekea barabarani.

Mwanaasha alinyanyuka kwenda kumtazama akiondoka. Jamali alibaki na ukuta wake. Ulikuwa wa chumba cha pili, cha mabinti, na alitaka umalizike kabla jua halijazama.